Ilani ya Chama cha Siasa na Mwanachama wa Chama cha Wafanyakazi



Neno letu "chama" lina kazi mbili: chama cha siasa na chama cha wafanyakazi. Uchaguzi unapokaribia, viwili hivyo huchanganyika kirahisi. Mwalimu wa Mugumu aliye mwanachama wa CWT, mfanyakazi wa mgodi wa Nyamongo aliye TAMICO au NUMET, na mhudumu wa hoteli ya Serengeti aliye CHODAWU, wote husikia ilani zikiahidi "maslahi bora". Je, ahadi hiyo inawafikia wote kwa njia moja? Hapana. Tuanze kwa kuuliza: nani anamlipa mshahara?

Mwalimu wa shule ya umma mwajiri wake ni Serikali. Chama kinachoshinda ndicho kinachopanga bajeti, kwa hiyo ilani yake inakaribia kuwa neno la mwajiri. Mei Mosi 2025, mwaka wa uchaguzi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Singida kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Huo ni uamuzi wa kiserikali ulioingia moja kwa moja mfukoni mwa mtumishi.

Kule Nyamongo hali ni tofauti. Katika mgodi wa North Mara, Barrick ina hisa asilimia 84 na Serikali asilimia 16. Chama cha siasa kinaweza kubadili sheria ya kazi, usalama kazini au kima cha chini cha kisekta. Lakini kinachompandishia mfanyakazi mshahara juu ya kima hicho ni mkataba wa hali bora kati ya chama chake na mwajiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mhudumu wa hoteli binafsi. Akikaa kungoja ilani, meza ya majadiliano inabaki tupu.

Historia yetu inatuonya. Shirikisho la TFL, lililoanzishwa 1955 na kuongozwa na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, lilishikamana na TANU kudai uhuru. Uhuru ulipopatikana, sheria za 1962 zilibana migomo. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, na NUTA ikawa chama pekee cha wafanyakazi, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Urafiki na chama tawala haukuwalindia wafanyakazi uhuru wao.

Kanisa nalo limelisema hili. Papa Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuungana katika Rerum Novarum (1891). Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alifundisha kwamba vyama vya wafanyakazi visigeuke vyama vya kugombea madaraka, wala visiwe chini ya maamuzi ya vyama vya siasa. Hakusema mfanyakazi asipige kura. Alitaka chama chake kibaki chombo cha kutetea haki.

Basi, mgombea akija Tarime au Mugumu, tumuulize: ahadi hii itatekelezwa kwa bajeti, kwa sheria, au kwa majadiliano na mwajiri? Lini? Nani atawajibika isipotimia? Na ndani ya tawi letu tukubali kutofautiana kura bila kuvunja umoja, kwani baada ya uchaguzi mwajiri tutakayekabiliana naye ni yuleyule.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.