Sukari iliyojaribiwa Mulago

Mwaka 1975, madaktari wa Kampala walitoa taarifa iliyowashangaza wenzao duniani. Dawa nyekundu ya kudungwa mshipani ilikuwa imepunguza uvimbe wa saratani ya ini, ugonjwa ambao dawa nyingi zilikuwa zimeushindwa. Wagonjwa walikuwa 14. Uvimbe ulipungua kwa 11. Aliyeongoza jaribio hilo ni Charles Olweny, wa Taasisi ya Saratani Uganda iliyofunguliwa Mulago, jijini Kampala, mwaka 1967.

Dawa hiyo ni doksorubisini, na asili yake ni bakteria wa udongoni waliopatikana karibu na ngome ya Castel del Monte, Italia. Molekuli yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni bapa, ndiyo yenye wekundu. Hujipenyeza kati ya vidato vya ngazi ya DNA kama kabari kwenye gogo. Ya pili ni sukari iitwayo daunosamini. Katika sukari hii, kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni kimeachia nafasi yake kikundi chenye naitrojeni, yaani amini. Ndiyo maana huitwa sukari amini. Amini hiyo hubeba chaji chanya, nayo DNA ina chaji hasi, basi vikavutana na kabari ikakaza.

Kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA hapo hukwama: kimekwisha kukata, kuunga hakiwezi. Seli inayogawanyika upesi hufa.

Ila dawa hii huumiza pia moyo, kwa hiyo daktari hujumlisha dozi zote za maisha ya mgonjwa asivuke kikomo. Wakemia waliigeukia sukari ileile. Walipogeuza upande wa kikundi kimoja tu, ilipatikana epirubisini, ambayo moyo huivumilia zaidi.

Kuua seli za saratani katika kisahani cha maabara si kazi ngumu. Hata jiki inaweza. Kazi ni kuziua bila kumuua mwenye nazo. Ndiyo sababu dawa hupitia kwa panya, kisha watu wachache, kisha mamia. Majaribio ya baadaye yenye wagonjwa wengi yaliipunguzia doksorubisini sifa: walioitikia kwa saratani ya ini walikuwa kama mmoja kati ya watano, au pungufu. Madaktari wa Mulago hawakudanganya. Watu 14 ni wachache mno kubeba hukumu.

Doksorubisini ingali ikitibu saratani ya matiti na nyinginezo. Kwa saratani ya ini, kinga ndiyo silaha bora: chanjo ya homa ya ini B, ambayo Uganda huwapa watoto wachanga tangu 2002, na kutokula karanga au mahindi yaliyoota ukungu.

Ukisikia tena kwamba dawa ya saratani imepatikana, uliza kwanza: imejaribiwa kwa nani, na walikuwa wangapi?