Kakuma: Asingoje Kukosa Ndipo Asikilizwe

Kijana wa miaka 17 aliyesoma kwa Kifaransa huko Bukavu, Kongo, akifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, anakuta masomo ni kwa Kiingereza. Hesabu anaziweza, lakini lugha inamshusha hadi darasa la watoto wa miaka kumi na mmoja. Magoti hayaenei chini ya dawati. Akianza kutoroka shule, ataambiwa ni mvivu.

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na leo darasa moja huweza kuwaweka pamoja Msomali, Mdinka, Mnuer, Mrundi na Mturkana mwenyeji. Wanafunzi zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja si ajabu. Katika msongamano huo, ushauri nasaha ungekuwa nguzo. Tatizo ni kwamba Kenya ilipopiga marufuku kiboko mwaka 2001, shule nyingi ziliupa ushauri nasaha kazi ya kiboko. Umepigana? Nenda kwa mshauri. Umechelewa? Nenda kwa mshauri. Basi wanaoonekana wakiingia pale ni wakosaji, na msichana mpole asiyejua kama baba yake yu hai hathubutu kubisha hodi.

Mwalimu mkuu ana uwezo wa kubadili hali hii. Ampunguzie mwalimu mshauri vipindi, saa za ushauri ziingie kwenye ratiba, na kila mwanafunzi mgeni aonane naye wiki ya kwanza, kabla hajakosa lolote. Walimu wakimbizi wanaojua Kisomali, Kidinka au Kirundi wafundishwe kazi hii na walipwe kwayo. Kumtumia mwanafunzi mwenzake kama mkalimani ni hatari: siri ya nyumbani itakuwa imefika bombani, kwenye foleni ya maji, kabla ya jioni.

Shule zetu zinapenda mabango na wageni wa kuhutubia kuhusu bidii. Mimi naona ari huja mwanafunzi akiiona njia yake: Kiingereza atakisoma kwa muda gani, lini atapimwa ili arukishwe darasa, mtihani wa taifa ataufanya mwaka upi. Mshauri aketi naye, wayaandike hayo kwenye karatasi, na mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Misaada ilipopungua mwaka 2025, mgao wa chakula ulikatwa kambini. Wanaopanga bajeti za shule hizi wasianze kukata kwa mshauri, kwa maana mtoto anayekuja darasani na njaa ndiye anayemhitaji zaidi.