Rusinga Kabla ya Ziwa

Likizo ya Agosti ikifika, wageni wengi wanaovuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga huelekea moja kwa moja kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, wakala samaki ufukoni, wakarudi zao kabla jua halijatua. Ziara hiyo ina heshima yake. Lakini njiani wamekanyaga udongo wa takriban miaka milioni 18 bila mtu wa kuwaeleza, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mahali hapo hapakuwa kisiwa, wala Ziwa Viktoria lenyewe halikuwepo. Ziara ya Rusinga yafaa ianzie kwenye mawe, asubuhi mapema, jua halijawa kali.

Zamani hizo jirani mkubwa wa eneo hili alikuwa volkeno ya Kisingiri, ambayo mabaki yake ni vilima vinavyoonekana upande wa bara. Majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi, na hapo ndipo siri ya Rusinga ilipo. Kwa kawaida msituni mnyama akifa, mifupa yake huliwa na udongo wenye tindikali na haibaki alama. Majivu ya Kisingiri yalifanya kinyume: yalifunika haraka, na chokaa yake ikageuza viumbe kuwa mawe kabla havijaoza. Ndiyo maana hapa hapakupatikana mifupa peke yake. Yamepatikana majani, matunda, wadudu, hata viwavi, vitu laini ambavyo kwingineko hupotea katika siku chache.

Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey aliona kwenye mteremko wa kisiwa hiki vipande vya fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul. Siku hizi visukuku vya sokwe wa Rusinga huwekwa katika jenasi ya Ekembo, na spishi mojawapo, Ekembo heseloni, inaenzi jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey kwa miaka mingi. Mnyama huyu alitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama tumbili, ila hakuwa na mkia. Kutokuwa na mkia ndiko kunakomweka karibu na ukoo wa sokwe, na kwa hiyo karibu na wetu. Mifupa mingine, iliyogunduliwa mwaka 1951, ilikuwa imelala ndani ya shina la mti lililokuwa na uwazi. Na mwaka 2014 watafiti walieleza visiki na mizizi ya msitu mzima iliyohifadhiwa kwenye tabaka lilelile la visukuku vya Ekembo. Mtu anaweza kusimama leo kwenye korongo kavu lenye vichaka vya miiba, akijua kwamba hapo palikuwa na miti iliyoshikana matawi mpaka jua likashindwa kupenya.

Kisha ukitembea kidogo unafika kwenye udongo wa karibuni zaidi, wa kati ya miaka 100,000 na 33,000 iliyopita, na mambo yanageuka kabisa. Msitu hakuna, ni mbuga ya nyasi. Hapa aliishi Rusingoryx, ndugu wa nyumbu aliyekwisha kutoweka, mwenye pua iliyovimba na kuwa na mwanya ndani, umbo linalofanana na la baadhi ya dinosaria. Huenda aliitumia kutoa mlio mzito wa kuitana kwa mbali. Zana za mawe za binadamu zimepatikana pamoja na mifupa yake. Wanyama wa mbugani kwa makundi hawafiki kisiwani kwa kuogelea: nyakati hizo za ukame ziwa lilipungua sana, na Rusinga ikawa kilima tu katikati ya nyika. Ziwa hili halina kina kirefu, kama mita 80 palipo na kina zaidi, kwa hiyo mvua ikipungua kwa karne nyingi, ufuko unahama mbali.

Kila msimu mvua huosha miteremko na kufunua mifupa mipya. Mgeni akiona mfupa, auache ulipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inaulinda, lakini sababu ya kisayansi ina uzito kuliko faini: kisukuku kikishatolewa kwenye tabaka lake, hakuna awezaye kusema tena kiliishi lini na pamoja na nani. Piga picha, kumbuka mahali, mwambie mwongozaji apeleke habari makumbusho.

Sayansi ya Rusinga si ya kale tu. Kati ya 2012 na 2015 maelfu ya nyumba za kisiwani zilifungiwa mitego ya mbu yenye harufu iliyoigwa ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa takriban asilimia 69 na maambukizi ya malaria kwa asilimia 30 hivi. Familia zilipata taa pia. Wenyeji watasimulia habari hii vizuri kuliko bango lolote.

Baada ya hapo, kwa Mboya. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Vijana wasikie humo habari za ndege alizosaidia kuzipanga, zilizowapeleka wanafunzi Marekani kuanzia 1959, kwani wengi waliorudi ndio walioshika ofisi za taifa changa.

Kisiwa cha Mfangano, kwenye michoro myekundu na myeupe ya miviringo huko Kwitone na Mawanga, isubiri siku nyingine. Boti huchukua muda, mapango yako juu ya vilima, na makumbusho ya jamii ya Abasuba yanahitaji saa zake.