Panda mbele ya maavenyu: karte ya zamani inasema nini?

Wengi tunajua Panda kama komini ya Likasi: kampi za wafanyakazi, usine, reli. Usine ya Union Minière ilijengwa pale miaka ya 1920. Lakini tukifungua karte ya zamani ya Katanga, kitu kinachoonekana kwanza ni maji.

Namna ya kuisoma si nguvu. Kwenye karte ya 1:200 000, sentimeta 1 ni kilometa 2. Nyumba haionekani, lakini bonde linaonekana. Mistari ya kimo ikikaribiana, pale ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Ikikunjwa kama V yenye ncha kuelekea juu, basi maji njo inashukia pale. Fuata mto Panda hivyo, utaona bonde lake likiteremka upande wa Lufira.

Angalia pia umri wa karte. Ikiandika Jadotville, ni ya mbele ya 1966. Mashariki ya Likasi, kama ziwa Tshangalele halipo, ni ya mbele ya kizuizi cha Mwadingusha, kilichoanza kutoa umeme 1930. Ziwa lile ni kazi ya watu, hata kama leo linaonekana la siku zote.

Sasa, mahali peupe kwenye karte si mahali patupu. Comité Spécial du Katanga, iliyosimamia ardhi hapa tangu 1900, ilichora ikiwa na madini akilini. Shamba la Wasanga lililoachwa lipumzike miaka kadhaa, mchoraji aliliona kama pori tu. Kwa hiyo karte peke yake haiwezi kumaliza mabishano ya nani alikuwa mwenye udongo. Wazee pia waulizwe.

Faida kwetu leo ni hii. Muji unapanuka, na parseli ya bei chini mara nyingi iko ndani ya dembo. Wakati wa kiangazi, dembo ni majani makavu, muuzaji anakuonyesha pazuri. Mvua ikianza mwezi wa 11, maji yanarudi kwenye njia yake ya zamani, na haitaangalia kama uko na makaratasi ya parseli.

Basi mbele ya kutoa feza, tafuta karte ya zamani, weka kidole mahali pa parseli ile, na uulize: hapa mto ulikuwa unapita wapi?