Maji ya Mji wa Kale hayatoki kwenye theluji

Uliza barazani pale Kibokoni maji ya Mombasa yatoka wapi, na hutakosa wa kukujibu: "Si theluji ya Kilimanjaro ile, inayeyuka yaja huku!" Jibu tamu kweli. Unauona mlima mweupe, jua kali, maji yanateremka mpaka kwa mfereji wako. Shida ni kwamba sivyo mambo yalivyo. Na kwa wewe unayepandisha mtungi wa lita 20 ngazi za ghorofa ya tatu, yafaa ujue ukweli.

Mlima ule tuna historia nao sisi wa pwani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapo jirani na Mombasa, akaingia bara. Mei 11 akaona kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake wa msafara alikieleza kwa neno moja: baridi. Rebmann aliporipoti kuwa ni theluji, wajuzi wengine kule London walikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Wapi! Lakini ilikuwepo.

Sasa inaisha. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. UNESCO nayo ilionya mwaka 2022 kwamba ifikapo 2050 huenda ikawa imetoweka kabisa.

Hapo lazima utashtuka: barafu ikiisha, je, kisiwa nacho kitakauka?

Tulia kwanza. Kilele kile kina urefu wa mita 5,895, na kule juu hewa ni kavu mno. Sehemu kubwa ya barafu hata haigeuki maji. Jua likiipiga, inapotelea hewani moja kwa moja kama mvuke. Inayoyeyuka ni kidogo sana ukilinganisha na mvua inayonyesha chini yake, kwenye ukanda wa msitu, hasa mahali penye urefu wa mita 2,000 hivi. Msitu huo ndio unaonasa mvua na ukungu, udongo wake unafyonza, kisha unaachilia polepole kwenye mito na chemchemi. Theluji ni kofia tu. Anayefanya kazi ni msitu.

Basi maji yetu je? Chanzo maarufu ni chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, wanakoogelea viboko na mamba. Maji yale asili yake hasa ni mvua ya Milima ya Chyulu, siyo theluji ya Kilimanjaro. Chyulu ni milima ya volkano. Mawe na majivu yake yana matundu kama sponji, kwa hiyo hutaona mto ukitiririka juu. Mvua inazama, inasafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, halafu inabubujika Mzima ikiwa safi kama kioo. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyachukua maji hayo zaidi ya kilomita 200, likipitia Voi na Mariakani hadi huku kwetu.

Yanayobaki huingia Mto Tsavo, ambao pia hupokea vijito vya upande wa Kilimanjaro. Tsavo ukikutana na Athi, huzaliwa Galana, na huko mbele tunauita Sabaki. Kandokando ya Sabaki, Kaunti ya Kilifi, kuna visima vya Baricho, chanzo kingine kikubwa cha maji ya Mombasa. Ongeza Marere na Tiwi kule Kwale. Kwa hivyo Kilimanjaro ina mkono wake kwenye mtungi wako, ila ni kwa mvua yake na msitu wake.

Sasa utauliza, kwani kuna tofauti gani? Maji si maji?

Tofauti ni kubwa, yakhe. Kama maji yangetegemea theluji, wewe na mimi tungekaa tu tukiitazama ikiisha, maana hakuna anayeweza kupanda barafu upya. Lakini msitu unaweza kulindwa, na unaweza kupotezwa. Mioto iliyowaka Kilimanjaro mwaka 2020 na tena 2022 ilikula mimea ya mlima. Kule Chyulu, moto na uchomaji makaa umekuwa tishio kwa miaka. Gunia la makaa unalonunua hapa mjini limetoka msitu gani? Uliza.

Mvua nayo imekuwa na vituko. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Chemchemi inayolishwa na maji ya chini ya ardhi huchelewa kuonyesha ukame, lakini pia huchelewa kupona.

Visima vyetu vya kisiwani, vikiwemo vile vya zamani misikitini, havitoshi kutuokoa. Bahari imetuzunguka, maji mengi ni ya chumvi, na uchafu wa vyoo huzama kwenye matumbawe hayo hayo. Yafae kuoshea, lakini ya kunywa ni hatari.

Kwa hivyo siku mifereji ya Kuze ikitoa hewa tupu na mkokoteni wa maji ukipandisha bei, usiisingizie theluji. Uliza bomba linavuja wapi. Uliza Bwawa la Mwache kule Kwale limefika wapi. Uliza pia kwa nini majirani zetu wa Taita Taveta wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba bomba lawapita na wao wana kiu. Na kama uko shuleni unatafuta kazi ya kusomea, elimu ya maji ya chini ya ardhi ina nafasi. Mji huu utakuhitaji.