Spinachi na Moto wa Tumbo

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Uhindi, mganga akitaka kujua dawa huanzia jikoni. Spinachi, wanayoiita palak huko kaskazini, ilitoka Uajemi, na waganga wa Kihindi waliichunguza kama walivyochunguza mitishamba yao wenyewe. Katika karne ya 16 tabibu Bhavamishra aliitaja kwenye kitabu chake, Bhavaprakasha: ni mboga ya baridi, nzito tumboni, hulegeza choo, huwafaa wenye joto la damu na shida ya pumzi. Ila huzidisha vata, ile nguvu ya upepo mwilini.

Hiyo "ila" ndiyo naipenda. Mganga huuliza kwanza nani anaila, msimu gani, na imepikwa na nini. Chakula husagwa na moto wa tumbo, agni, na mvua kubwa zikianza moto huo hufifia. Kwa hiyo familia nyingi za Kihindu huziacha mboga za majani mwezi wa Shravana, kati ya Julai na Agosti. Wajaini wengi, wafuasi wa dini ya Ujaini, huziacha miezi minne mizima, kwa kuwahurumia wadudu wanaojaa majanini wakati huo.

Baridi ikiingia, agni hupata nguvu na chakula kizito hukaribishwa. Punjab huchanganya spinachi na majani ya haradali, yakatokota kwa saa nyingi hadi yalainike kabisa, yakaliwa na mkate wa mahindi na samli juu yake. Bengal nako, siku moja kabla ya sherehe ya mungu wa kike Kali, hula mboga za majani za aina 14 kujikinga na maradhi ya mabadiliko ya msimu. Orodha ya kale ina majani machungu ya mwarobaini na mimea ya porini. Wakazi wa mijini wasioipata hujazia kwa spinachi.

Katika upishi, majani huchemshwa kidogo, hukamuliwa maji, kisha hukaangwa kwa samli, tangawizi, bizari nyembamba na mvuje, viungo vya kutuliza upepo. Maji yale yakimwagwa huondoka na sehemu ya oksalati, chumvi inayochangia mawe ya figo. Akina mama walikuwa wakiyamwaga kabla maabara haijalieleza hilo.

Swali la nani anaila lipo hata hospitalini: spinachi ina vitamini K nyingi, na anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe kiasi anachokula bila kumwambia daktari wake.