Mji wa Kericho na Vijiji vya Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho huona vilima vilivyofunikwa na michai iliyokatwa sawasawa, na katikati yake nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu. Hivyo ndivyo vijiji vya wafanyakazi wa chai. Wengi hudhani kwamba nchi hii ilikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Yafaa kujua jinsi ilivyobadilika.

NCHI YA NG'OMBE NA WIMBI

Wenyeji wa nchi hii ni Wakipsigis, ambao zamani walifuga ng'ombe na kulima wimbi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilipita upande wa kaskazini, penye stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Mwaka 1905 majeshi ya Kiingereza yaliwashambulia watu wa Sotik, yakaua wengi na kuteka mifugo yao. Baadaye ardhi nyingi nzuri iligawiwa walowezi, na wenyeji wakasukumwa katika rizavu.

KITANI CHASHINDWA, CHAI YAINGIA

Mwaka 1919 Serikali ilitenga eka 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza walioumia katika Vita Kuu ya 1914-1918. Walipanda kitani, mmea utoao nyuzi za kufumia nguo, kwa kuwa bei yake ilikuwa juu. Bei ikaanguka ghafula, na shughuli yao ikavunjika. Hata hivyo ardhi haikurudi kwa wenyeji. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai huko. Mmea huu ulikuwa umejaribiwa kwanza Limuru mwaka 1903, lakini Kericho, penye baridi ya mlimani na mvua karibu mwaka mzima, ulipata makao yake hasa.

Mwaka 1934 sheria ilitungwa ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa.

KWA NINI VIJIJI HUWA KARIBU NA KIWANDA

Jani la chai haliwezi kungoja. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na mavuno hayo hupaswa kufika kiwandani siku ile ile, yanyaushwe, yasagwe, yaachwe yageuke rangi, kisha yakaushwe kwa moto. Yakichelewa huharibika. Kwa sababu hiyo viwanda vilijengwa katikati ya mashamba, na wafanyakazi wakajengewa nyumba hapo hapo. Wengi walitoka mbali, kama vile Kisii na Nyanza. Mikaratusi ilipandwa ili kupata kuni za viwanda. Zahanati, shule na viwanja vya mpira vikafuata. Mji wa Kericho nao ukapanuka kwa maduka, karakana na ofisi zilizohudumia mashamba hayo.

Lakini vijiji hivyo vina tofauti moja kubwa na vijiji vingine. Nyumba ni mali ya kampuni. Mtu akiacha kazi, huacha na makao, hata kama watoto wake wamezaliwa humo.

CHAI YA MKULIMA MDOGO

Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda chai. Zuio hilo lililegezwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 shirika la KTDA likaundwa ili kuwasaidia wakulima wadogo; mwaka 2000 likawa kampuni ya wakulima wenyewe. Tangu hapo watu wa Litein, Kapkatet na Bomet huchuma chai katika vipande vyao vya ardhi, huipeleka kwenye kituo cha kupimia, nayo huchukuliwa kwa lori hadi kiwandani. Fedha zake zimejenga nyumba ambazo hakuna awezaye kuwatoa humo. Mwaka 1992 Bomet ikawa wilaya yake yenyewe, na mwaka 2013 kaunti.

MAMBO YALIYOBAKI

Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliilaumu Uingereza kwa kutowapa Wakipsigis na Watalai haki yao kuhusu ardhi waliyonyang'anywa. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho, kwa kuwa watu waliona zinawaondolea kazi. Kazi ikipungua, vijiji vya kampuni hupungukiwa na watu. Basi swali la nani mwenye ardhi, lililoanza zamani za kitani, bado ndilo litakaloamua vijiji hivi vitakuwaje.